Mabao Mawili ya Kirkdunnan

Siku mliyoniaga kazini, Neema wa zamu ya asubuhi alisimama mbele ya watu wote akaniuliza: "Mzee Sanga, ile sheria yako ya kupiga simu mbili kwa kila mechi uliitoa wapi?" Nilikunywa soda yangu polepole, nikacheka, nikasema ni mambo ya Dubai. Mkapiga makofi. Neema hakupiga. Alikuwa bado anasubiri jibu, na mtu wa namna hiyo ndiye anayefaa kukaa kwenye dawati la matokeo. Kwa hiyo nimekaa hapa nyumbani Makete, blanketi magotini, najibu kwa maandishi.

Vyeo na mishahara naviacha. Vipo kwenye jalada langu, na jalada langu mnajua lilivyo nadhifu.

Nilifika Dubai mwanzoni mwa miaka ya 2010 nikiwa na miaka arobaini na miwili, stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu ndani ya bahasha ya plastiki, na mkataba wa ulinzi. Sikubebwa na mjomba wala shemeji. Nililinda mlango wa jengo moja la ofisi Deira, na kazi ya mlangoni ilikuwa kusimama na kuandikisha wageni. Wenzangu waliandika jina na ghorofa, basi. Mimi nilichora mistari kwa rula: jina, kampuni, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Mwisho wa kila mwezi nilikitia kitabu faharasa. Hakuna aliyeniagiza. Mtu aliyesoma hasubiri kuagizwa.

Siku moja mwanamke wa makamo aliyevaa buibui alisimama mezani kwangu, akafunua kurasa kimya, kisha akaniuliza kwa Kiswahili cha Unguja ambacho sikukitarajia pale.

"Kitabu hichi nani akiandika?"

"Mimi, madam."

"Usinite madam. Mie Zuwena. Mtu wa wapi wewe?"

"Tanzania. Makete."

"Makete ndo wapi huko?"

"Kwenye baridi, Bi Zuwena."

"Basi ndo ninayemtafuta," akasema. "Nna kazi ya baridi."

Wazee wake walihama Unguja yeye akiwa mchanga, akakulia Dubai, lakini Kiunguja chao hawakukiacha. Alikuwa msimamizi wa dawati la matokeo kwenye kampuni ya ghorofa ya nne, iliyouzia magazeti na tovuti matokeo ya mpira na misimamo ya ligi. Ligi kubwa zilijileta zenyewe kwenye kompyuta. Ligi ndogo hazikuwa na mtu wa kuzileta, ilibidi mtu apige simu. Kubadilisha kafeel, yaani mwajiri anayekudhamini viza, kulichukua miezi na mihuri mingi, lakini hatimaye nilivua sare ya ulinzi, nikapanda lifti ya jengo ambalo nilikuwa nalifungulia wengine mlango.

Nilipewa Uskoti. Si ile Uskoti ya kwenye televisheni. Ilikuwa ligi ya mkoa, chini kabisa, klabu kumi na sita. Kipa ni mbeba barua, beki ni fundi bomba, na nyuma ya lango moja kuna kondoo ambao hawajali nani anashinda. Kila Jumamosi jioni, kwa saa zetu, nilikuwa na simu ya mezani, kalamu ya wino wa buluu, saa mbili ukutani, moja ya Dubai na moja ya kwao, na karatasi ndefu yenye mechi zote za siku.

Aliyenifundisha kazi ni Kizito, Mganda wa Masaka, mlinzi wa zamani kama mimi. Alikaa kwenye dawati lile miaka miwili kabla yangu, sasa alikuwa anahamia dawati la Wales. Siku yangu ya kwanza alivuta kiti, akaweka simu katikati yetu.

"Ssebo, hawa watu hawana ofisi," akasema; ssebo kwao ni bwana. "Ukipiga, simu inaita kwenye chumba cha chai. Anapokea yeyote aliye karibu na birika. Kwa hiyo uliza vitu vitatu. Mechi ilianza saa ngapi? Refa amemaliza? Wewe ni nani? Halafu ndiyo matokeo."

"Nikianza na matokeo?"

"Watakupa. Ni wakarimu sana. Watakupa ya nusu ya kwanza, watakupa ya wiki jana, ilimradi usikate simu mikono mitupu."

Baada ya simu hiyo ya kwanza kwa klabu ya nyumbani ilikuwepo ya pili, nusu saa baadaye, kwa katibu wa klabu mgeni. Matokeo yakilingana, unatia alama ya vema kwenye kisanduku kilicho pembeni ya mechi hiyo, na herufi za jina lako. Kisanduku kile kilikuwa kidogo kuliko ukucha. Nilikidharau tangu siku ya kwanza.

Novemba Kizito alinieleza habari ya baridi. Kule, akasema, uwanja ukiwa na sakitu, ule umande ulioganda, refa anaukagua kabla ya mechi, anautoboa kwa kisigino, na akiona mgumu anaahirisha. Hapo nikamkatiza. Kumfundisha mtu wa Makete habari za sakitu! Nikamweleza kwa kirefu: sakitu inaanguka alfajiri, inaunguza viazi, na saa nne asubuhi jua likipanda imekwisha. Kama refa ana cha kukagua, atakikagua asubuhi, na mchana mpira unachezwa kwa wakati wake. Kizito alinisikiliza mpaka mwisho huku anakunywa chai.

"Sawa, profesa," akasema.

Msimu ninaousimulia ni wa kwanza niliouendesha peke yangu. Klabu mbili zilifukuzana tangu Septemba: Kirkdunnan, wenye jukwaa la matofali na jeuri kidogo kwenye simu, na Glenmarrow, ambao hawakuwahi kulichukua kombe la ligi hiyo hata mara moja. Katibu wa Glenmarrow alikuwa mwanamke aitwaye Isobel, mwalimu mstaafu aliyepita miaka sabini. Mume wake alipaka rangi milingoti ya lango, yeye alipokea simu, alioka mikate ya nyama ya wakati wa mapumziko na kufua jezi. Mimi nilimwita madam. Yeye aliniita kijana wangu, na mimi nina mvi. Sikumsahihisha.

Januari akaniambia jambo lililonivimbisha kichwa. Mzee aliyekuwa akitunza msimamo rasmi wa ligi yao alikuwa ameugua, na hakuna aliyetaka kuichukua kazi yake. Wakakubaliana watumie msimamo wetu. Kila Jumapili waliuchukua kama ulivyo wakaubandika kwenye ukurasa wa ligi.

"Kwa hiyo sasa wewe ndiye unayetuhesabia, kijana wangu," Isobel akasema. "Uangalie vizuri."

"Madam, nina stashahada," nikamjibu.

"Nasikia. Umeniambia mara tatu."

Nilirudi International City siku hiyo, kwenye chumba tulichokaa sita, nikawatangazia wenzangu kuwa kuna nchi nzima Ulaya inategemea hesabu zangu. Walikuwa Wakenya wawili, Waganda watatu na mimi. Mkenya mmoja akauliza kama hiyo nchi inaweza kunisaidia kuosha sufuria, maana zamu ilikuwa yangu.

Sasa Februari. Jumamosi hiyo Watanzania wa Deira walikuwa wanamuaga mwenzetu anayerudi Tanga, na mgeni rasmi nilikuwa mimi. Niliombwa wiki mbili kabla. Nilikuwa na hotuba mfukoni, na suti niliyoivaa tangu asubuhi kazini, Kizito akiniuliza kama nimefiwa. Shughuli ilikuwa saa mbili usiku, mgahawa wa mtaa wa pili. Mechi za Uskoti wakati wa baridi huanza saa nane mchana kwao, ambayo ni saa kumi na mbili jioni kwetu, kwa sababu viwanja vingi havina taa. Kwa hesabu zangu, saa mbili kasorobo zote zimekwisha.

Saa mbili kasoro dakika kumi nilipiga Kirkdunnan. Sauti ya mwanamume ikapokea. "Matokeo tafadhali," nikasema, nimeshasimama. "Nne bila, sisi," akajibu. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu. Nikaandika nne bila. Mechi ikiwa imekwisha, chumba cha chai husikika vikombe na viti. Kelele za kushangilia husikika mechi ikiwa inaendelea. Hilo nililijua. Masikio yangu yalisikia, mimi nikawa nafunga kifungo cha koti.

Simu ya pili sikuipiga. Nilitia alama ya vema kwenye kisanduku, nikaandika herufi zangu, nikatoka. Hotuba ilipendwa sana.

Miezi mitatu haikutokea kitu. Pointi zilikuwa sahihi, maana Kirkdunnan walishinda kweli, na watu wengi hutazama pointi. Baadaye Kirkdunnan walisema hata wao hawakugundua. Nina mashaka yangu, lakini sina ushahidi, na mtunza kumbukumbu asiye na ushahidi hufunga kinywa.

Ikaja Mei, wiki ya mwisho. Glenmarrow na Kirkdunnan walikuwa sawa kwa pointi. Kwa msimamo wetu Glenmarrow walikuwa mbele kwa tofauti ya bao moja tu. Jumamosi kila timu ilikuwa na mechi yake, na timu nyingine, kwenye uwanja wake. Maana yake Glenmarrow wakishinda kwa idadi ileile watakayoshinda nayo Kirkdunnan, kombe ni lao. Alhamisi Isobel alinipigia akaomba orodha ya wafungaji wa msimu mzima, kwa sababu mshambuliaji wao aligombea zawadi ya mfungaji bora. Nikamwahidi kesho yake.

Ijumaa ofisi ilikuwa kimya, ni mapumziko. Nilichukua fomu ambazo klabu hututumia kila mwisho wa mwezi, zenye majina ya wafungaji na dakika, nikaanza kujumlisha. Glenmarrow wakakaa sawa. Kirkdunnan wakazidi: wafungaji wao walikuwa na mabao mawili zaidi ya yale ya timu kwenye msimamo. Nikajumlisha tena. Nikajumlisha mara ya tatu kwa kikokotoo, mimi ambaye huwa sikigusi. Nikatafuta mechi moja moja mpaka nikafika Februari. Fomu ilisema sita bila. Mabao mawili ya mwisho yalikuwa ya dakika ya sabini na nane na ya themanini na nne. Juu ya fomu, kwa mwandiko wa haraka: mechi ilichelewa nusu saa, uwanja ulikaguliwa mara mbili, sakitu kwenye kivuli cha jukwaa.

Kwenye kivuli cha jukwaa. Saa nane mchana. Jua lao la Februari halipandi kama letu, linapita chini kwa chini nyuma ya matofali, na barafu inakaa pale siku nzima. Makete hatuna jukwaa.

Ongeza mabao mawili kwa Kirkdunnan na Glenmarrow hawako mbele kwa bao moja. Wako nyuma kwa moja. Na walikuwa hawajui.

Nilikaa na fomu ile mpaka chai ikapoa na kufanya ngozi juu. Niliwaza mambo kwa mpangilio mbaya. Niliwaza kwamba simu zote za ofisi zinahifadhiwa kwenye mashine, kwa hiyo mtu akitafuta simu ya pili ya siku ile hataiona, ila ataiona alama yangu. Niliwaza viza, jinsi inavyofutwa na siku chache unazopewa za kuondoka. Niliwaza Makete, ambako nilikuwa nimewaambia kuwa mimi ni ofisa. Isobel nilimuwaza wa mwisho. Nawaambieni kama lilivyokuwa.

Kizito alikuja alasiri kuchukua chaja yake. Nikamfunulia yote. Kwanza akacheka, akapiga paja.

"Suti! Kwa ajili ya ile suti!"

"Kizito, siyo mchezo."

Akaona uso wangu, akakaa. "Ukisema, Jumapili unapanga begi. Ukinyamaza, nani hapa Deira anaijua Kirkdunnan? Ni kijiji na mbuzi."

"Kondoo."

"Basi, kondoo."

Nilimwomba aseme simu ya pili aliipiga yeye kwa simu yake ya mkononi, kunisaidia, kwa sababu nilikuwa na udhuru, na kwamba aliambiwa nne bila. Kosa lingekuwa la mtu wa Uskoti. Lisingekuwa la mtu yeyote wa kwetu. Nilimwomba kwa sauti ya chini ingawa hapakuwa na mtu.

Kizito hakukasirika. Aliizungusha chaja mkononi muda mrefu.

"Ssebo, mimi nilikufundisha maswali matatu," akasema. "Nikisema uongo huo, na mimi nitakuwa nimeyasahau. Wales itanikaa vipi?" Akasimama. "Mwambie mama. Mapema. Mechi ikichezwa kwa hesabu mbovu, baadaye ukisema utakuwa unamnyang'anya mtu kombe mkononi."

Usiku huo sina cha kusimulia. Asubuhi nilipanda basi kutoka International City mpaka Rashidiya, nikaingia metro, nikapata kiti, jambo ambalo siku nyingine ningelisimulia. Kituo changu kilipofika milango ikafunguka, sikushuka. Milango ikafungwa. Nilishuka kituo kilichofuata, nikakaa kwenye benchi, nikatazama treni tatu zikipita upande wa kurudi, nikapanda ya nne. Nilikuwa na miaka arobaini na sita.

Bi Zuwena alikuwa mezani kwake, miwani puani. Nilimwekea fomu na karatasi ya Februari, moja juu ya nyingine, nikamweleza nikiwa nimesimama. Simu ya kwanza, kelele, kifungo cha koti. Kisanduku.

"Kaa kitako," akasema.

Nikakaa.

"Hii alama ya vema ya nani?"

"Yangu, Bi Zuwena."

"Na simu?"

"Sikupiga."

"Wewe si ndo mwenye stashahada?" Hakuinua sauti. "Mie nimekutoa mlangoni kwa sababu ya kitabu kile cha wageni. Nikawambia wakubwa wangu, huyu bwana haandiki asichokiona. Mie ndo niliyesema maneno hayo. Yananirejea mimi, hayakurejei wewe."

Nilisema samahani, na ilikuwa ndogo.

Aliangalia saa ya ukutani, ile ya Uskoti. "Saa ngapi wanacheza?"

"Saa tisa kwao. Hapa saa kumi na mbili."

"Na sasa kwao asubuhi. Yalla, sahihisha msimamo uende kwa wote, klabu zote mbili zipate pamoja. Halafu mpigie huyo bibi kwa mdomo wako. Mambo yako na mie, baadaye."

Nilisahihisha. Ni kubonyeza tarakimu moja na kuhifadhi. Glenmarrow wakashuka mstari mmoja, Kirkdunnan wakapanda. Kisha nikapiga simu, ikaita kwenye chumba cha chai, akapokea Isobel mwenyewe. Nyuma yake nilisikia bati za mikate zikigongana.

"Kijana wangu! Orodha yangu ya wafungaji iko wapi?"

"Madam, nina jambo jingine kwanza." Nikalisema. Nililisema kwa Kiingereza changu cha shule, polepole, kuanzia mwisho: wako nyuma kwa bao moja, hawako mbele. Wakishinda sawa na Kirkdunnan, wamekosa. Ili walichukue lazima wawazidi Kirkdunnan kwa mabao mawili. Kosa ni langu.

Bati zikanyamaza.

"Una uhakika?"

"Nimejumlisha mara tatu. Na kwa kikokotoo."

"Basi nina saa tano," akasema. "Ngoja nimtafute kocha, yuko juu ya ngazi anafunga wavu." Simu ikakatwa.

Jioni ile nilikuwa na mechi nane na nilizipigia zote, mara mbili zote, na bado sikumbuki matokeo ya sita kati yake. Kila baada ya dakika kumi na tano nilipiga Glenmarrow, jambo ambalo si utaratibu, na Bi Zuwena alinitazama bila kunikataza. Kirkdunnan walikuwa wanaongoza moja bila. Glenmarrow walikuwa wanaongoza mbili kwa moja. Zilipobaki dakika ishirini hesabu ilikuwa hivi: kwa msimamo wangu wa uongo, Glenmarrow walikuwa mabingwa wakisimama tu langoni pao. Kwa msimamo wa kweli walihitaji mawili zaidi.

Waliyatafuta. Aliyepokea simu alinieleza walivyoyatafuta, mabeki wote mbele, kipa amesimama katikati ya uwanja. Dakika tatu kabla ya mwisho mpira mmoja mrefu uliwapita wote, ukadunda kuelekea lango tupu, na mchezaji wa timu ngeni akaukimbilia peke yake. Mbili kwa mbili. Kirkdunnan walimaliza moja bila, wakalichukua kombe kwa pointi mbili safi, bila kuhitaji tofauti ya mabao hata kidogo.

Nikauliza: mechi ilianza saa ngapi? Refa amemaliza? Wewe ni nani? Akanijibu yote matatu. Isobel hakuja kwenye simu.

Jumapili asubuhi Bi Zuwena aliniita. Karatasi ilikuwa mezani, imeshachapwa. Kila kosa la ofisi lilitolewa taarifa kwa wateja, na sikuzote taarifa zilisema "kosa la ofisi", tukamaliza. Hii ilisema: mechi ya Kirkdunnan ya Februari si nne bila, ni sita bila, kosa ni la mwandishi wa matokeo, S. Sanga, ambaye alitia alama ya simu ambayo hakuipiga.

"Kazi sikufukuzi," akasema. "Ungeniletea jana usiku, baada ya mchezo, leo ningekufutia viza kwa mkono wangu. Umeleta kabla. Lakini hii inakwenda kwa wateja, na klabu zote kumi na sita utazisomea wewe, kwa simu, neno kwa neno. Khalas."

Nilisoma. Katibu wa kwanza alicheka. Wa tatu alidhani nauza kitu, akakata, nikapiga tena. Kirkdunnan walinishukuru kwa furaha ambayo sikuipenda. Mmoja akaniambia hana habari na tofauti ya mabao, wao wanashika mkia. Kila mara nilipofika kwenye jina langu nililitamka lote. Glenmarrow niliwaweka wa mwisho. Si kwa heshima. Nilikuwa naogopa.

Isobel alipokea. Nikasoma mpaka mwisho. Nikasema pole kwa mechi, nikasema angalau hesabu ilikuwa sahihi walipoingia uwanjani, na kwamba kombe wamelikosa kwa sare, hawakulikosa kwa sababu yangu. Nilikuwa nimeyaandaa maneno hayo tangu alfajiri. Niliyaona ya haki.



"Machi tulikuwa tunaongoza tatu bila nyumbani," Isobel akasema. "Kocha akawatoa washambuliaji wawili akawapumzisha, kwa sababu msimamo ulisema tuna mabao ya kutosha. Aprili akafanya hivyo tena. Ungeipiga ile simu ya pili Februari, kijana wangu, wale wasingetoka. Jana tusingekuwa na kipa katikati ya uwanja."

Hilo sikuwa nimelijumlisha. Kwa stashahada yangu yote, sikuwa nimelijumlisha.

"Ndiyo, madam," nikasema.

Nikasikia droo inafunguliwa, kisha karatasi.

"Hiyo taarifa tutaitunza na kumbukumbu za klabu," akasema Isobel. "Rudia jina lako. Polepole, nataka kuliandika bila kosa."

Nikamtajia herufi moja moja.